Hakuna Kumaliziana

Mjomba wa Fundi alikuwa ameahidi kutosema sana, na ahadi yenyewe ilikuwa inamtesa. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini, akimeza mate, maana sebule nzima ilikuwa imenyamaza na yeye hakuumbwa kwa kunyamaza. Mapazia alishayasifu. Sakafu alishaisifu. Alishauliza habari za friji iliyokuwa ikinguruma pembeni, akaambiwa ilitengenezwa na mpwa wake, akafurahi kupita kiasi. Sasa hakuwa na kitu kingine cha kusifia.

Mbele yake alikaa mwenye nyumba, dobi wa mtaa, kavaa shati jeupe ambalo hata nzi angetua juu yake angeteleza. Ubavuni kwake alikuwa binti yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada, wakiwemo waliomzidi umri. Na kwenye kiti cha mbao, karibu na mlango wa chumba cha pasi, alikaa mdogo wake Dada, yule ambaye mambo yote haya yalikuwa yanamhusu. Walimwita Kola tangu utotoni, kwa sababu alijua kunyoosha kola za mashati kabla hajaifikia vizuri meza ya pasi.

"Mzee mwenzangu," Mjomba alishindwa kujizuia, "sisi tumekuja kwa nia moja tu. Huyu mpwa wangu amemwona binti yako, amempenda, na kwa kweli mimi nilipomwona tu nikasema—"

"Nimekuelewa, na umesema vizuri," Baba alisema. "Lakini mimi masharti yangu niliyatoa mapema. Nataka nimsikie yeye."

Wote wakageuka kumtazama Kola.

Kola hakuwatazama. Alimtazama Fundi, aliyekuwa amekaa wima pale kwenye kochi, koti limembana mabegani, mikono imetulia juu ya magoti. Alikuwa ameisugua hiyo mikono asubuhi nzima, lakini weusi wa mashine ulikuwa bado umejificha kwenye kucha. Macho yao yakakutana. Fundi akatikisa kichwa kidogo, kidogo kiasi kwamba hakuna mwingine pale angeona. Chukua muda wako, kichwa kilisema. Kola akajisikia kupendwa mpaka kwenye magoti.

"Haya, mwanangu," Baba alisema kwa upole. "Unamtaka huyu kijana?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo. Mtoto anayejifunza kusema analisema.

Ulimi wa Kola ukapanda, ukagusa nyuma ya meno ya juu, ukagandia hapohapo.

Kuna vigugumizi vya namna nyingi, na chake hakikuwa cha kurudiarudia. Fundi yeye alirudiarudia, neno likagonga mara nyingi mpaka likaingia. Kigugumizi cha Kola kilifunga mlango. Hakikutoa sauti yoyote. Aliyekuwa hamjui angedhani amekataa kujibu, au ana kiburi, au hakusikia alichoulizwa. Shuleni walimwita Bubu. Nyumbani hawakumwita hivyo, kwa sababu nyumbani alikuwepo Dada.

Mama yao alipofariki, Dada aliushika mdomo wa mdogo wake kama alivyoushika mkono wake wakati wa kuvuka barabara. Dukani Dada ndiye aliyeagiza. Kwa mwalimu Dada ndiye aliyeeleza. Siku moja hospitalini Kola aliumwa kichwa, Dada akamwambia daktari ni tumbo, na Kola akarudi nyumbani akanywa dawa ya tumbo mpaka ikaisha. Na pale Dada alipokosekana, Kola alijifunza ujanja wa wenye kigugumizi wote: neno likikataa, unachukua jingine jepesi lililo karibu. Neno chai lilimshinda, kwa hiyo akiulizwa anakunywa nini alisema maji. Alikunywa maji utoto wake wote, na watu wakasema mtoto huyu anapenda sana maji.

Kinyozi wa mtaa ndiye aliyemtoa huko. Alikuja kuchukua shati lake pale kwa dobi, akakwama katikati ya salamu, macho yamemtoka, shingo imesimama. Kola akaacha pasi, akamtazama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kinyozi naye akajua. Hakumwambia mengi. Alimwelekeza tu kwenye darasa la chekechea nyuma ya soko, Jumamosi alasiri.

Huko Kola alikuta watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, ukutani picha za bata na baiskeli. Walijiita Chama cha Viti Vidogo. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyesema taratibu na kukwama taratibu, alikuwa ameandika ubaoni kanuni yao moja: hakuna kumaliziana. Mtu akikwama, mnamsubiri. Hamumpi neno. Hamtazami saa, hamtazami chini. Mnamtazama yeye, mnasubiri.

Siku ya kwanza Kola aliombwa aseme jina lake tu. Alichukua muda mrefu mpaka mwanga dirishani ukahama, na hakuna aliyehama nao. Lilipotoka, Kinyozi alipiga makofi. Kola alirudi nyumbani analia barabarani, watu wakimtazama, na hakujali.

Basi huyo akaanza kukua mbele ya macho ya watu ambao hawakumwona akikua. Alipokea simu ya duka. Aliagiza chai. Akagombana na mteja juu ya doa la kahawa, akashinda, akapata raha ambayo hakuwahi kuijua, raha ya kugombana kwa mdomo wake mwenyewe.

Na kwenye viti hivyohivyo ndipo alipomkuta Fundi, aliyeishi kwa kutengeneza friji za watu, na kwa sababu alizoea kusikiliza mashine, alisikiliza binadamu vizuri kupita kiasi. Mwanzoni alikosea mara moja. Kola alikuwa amekwama, Fundi kwa huruma akampa neno, na neno lenyewe lilikuwa sahihi. Kola alimfuata nje akiwaka.

"Lilikuwa langu," alimwambia. "Usi… usininyang'anye tena."

"Si-si-sitarudia," Fundi alisema, na alikuwa karibu kulia. "Naapa. Sitakumalizia te-tena. Hata nyumba ikiwaka moto."

Kola alimpenda kuanzia pale.

Dada hakumpenda. Hakuwa na ubaya naye, alimkuta mpole, mchapakazi, asiye mlevi. "Lakini jamani, Baba," alisema jikoni siku moja, akidhani Kola hasikii, "kigugumizi kwa kigugumizi? Nyumba ikiungua nani atapiga simu? Watoto wao watajifunza kusema kwa nani? Mimi sitakuwepo."

Baba alifikiri sana. Kisha akasema kijana aje, aje na mkubwa wake, lakini siku hiyo Dada atafunga mdomo na Kola atasema mwenyewe anachotaka. "Maana miaka yote hii namsikia wewe," alimwambia Dada. "Yeye simjui anataka nini. Akisema ndiyo, nitampa baraka zangu. Asiposema, basi, yaishe."

Lilikuwa sharti la haki. Kola alilipokea kwa furaha. Jumamosi iliyotangulia alilisema lile neno mbele ya chama chote, na sentensi yake nzima nyuma yake, mpaka Kinyozi akajifuta macho akisingizia vumbi.

Na sasa neno halikutoka.

Friji ikazima, kama friji zinavyozima zenyewe, na ukimya ukawa mkubwa zaidi. Fundi akaitupia jicho mara moja, mazoea ya kazi. Mjomba alikuwa anaizungusha kofia yake kwa kasi. Alionywa njiani asimsaidie binti hata kwa kukohoa, na uso wake ulikuwa umevimba kwa maneno. Dada alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake kwa mikono miwili. Baba alisubiri. Alisubiri kweli, maskini, kuliko alivyowahi kusubiri.

Kola alisikia shingo inakaza. Alijaribu yote aliyofundishwa: akalegeza mabega, akaachia pumzi, akarudi nyuma aanze upya. Mlango haukufunguka. Machozi yakaanza kumjaa. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akanyage lile darasa la chekechea. Alimgeukia Fundi na kumwomba kwa macho amalizie. Sema wewe. Sema ananitaka, sema ameniambia mara ngapi, sema chochote. Leo nakupa ruhusa.

Fundi aliyaona yale macho. Uso wake ukalainika kwa mapenzi, akanyoosha mgongo, akatuliza mikono yake magotini, akamsubiri.

"Baba, basi!" Dada alipasuka. "Basi, unamtesa mtoto! Huoni? Hataki. Anaona aibu kumkataa mtu mbele ya mkubwa wake, ndiyo maana amekwama. Angekuwa anamtaka si angesema? Neno moja tu!"

Kola akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, na kutikisa kichwa kwake wakakuelewa walivyotaka.

Baba alimtazama kwa muda. Halafu akamtazama Fundi, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akasimama.

"Wageni wetu," alisema, "mmetuheshimu sana kuja. Lakini mmeona wenyewe."

* * *

Kola aliwafuata mpaka getini. Mjomba, ambaye hakuwa mjinga, alikwenda kusimama karibu na pikipiki ya mpwa wake na kujifanya anapambana na kamba ya kofia ngumu.

"Kwa nini…" Kola alianza, na neno la pili likamgomea. Fundi alisubiri. Alivyosubiri vizuri! Kichwa kimeinama kidogo, macho yanamtazama yeye tu, wala hana haraka. "Kwa nini hukusema?"

"Ni-ni-nilikuwa nakusubiri."

"Nilikutazama. Nilikuomba."

"Niliona," Fundi alisema. "Ni-nilidhani unaniambia nisi-nisi-nisiingilie. Nikasema mo-moyoni, huyu anapigana vita vyake, akishinda awe a-ameshinda mwenyewe."

"Nyumba ilikuwa inaungua!"

"Nili-niliapa, mpenzi."

"Najua uliapa!"

"Kwa-kwa hiyo ningefanya nini?"

Wakasimama wakitazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kusema, adabu waliyofundishana wenyewe, na hakuna aliyeichukua.

"Jamani," Mjomba alilia kule kwenye pikipiki, "mmoja wenu aseme kitu! Mimi nakufa huku!"

Fundi akamshika Kola mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Ni-nirudi ndani? Nimwambie Mzee?"

Arudi akaseme nini? Kola alimwona tayari, amesimama mbele ya Baba anagongagonga neno la kwanza, na Dada anammalizia. Hapana. Ilibidi aingie yeye. Angeingia sasa hivi, kabla Baba hajashikilia uamuzi wake, na Fundi angekaa hapahapa getini mpaka amwite. Nisubiri. Hilo ndilo alilotaka kumwambia. Nisubiri hapa.

Ulimi ukapanda nyuma ya meno, ukagandia mahali palepale.

Fundi alimsubiri.

Kola alihisi hasira imempanda mpaka machoni, hasira juu ya ulimi wake, na juu ya huyu mwanamume mwema anayemtazama kwa subira yote hii. Alikuwa amechoka. Na kwa kuchoka akafanya ule ujanja wa zamani, wa chai na maji. Akaacha neno gumu, akashika jepesi lililo karibu.

"Ondoka," alisema.

Lilitoka wazi, halina hata mkwaruzo. Kola mwenyewe alishtuka kulisikia.

Fundi aliuachia mkono wake polepole. Angeweza kumuuliza, je, hilo ndilo neno ulilotaka? Mtu mwingine yeyote angemuuliza. Lakini kwenye viti vidogo mtu hahojiwi neno lake, akilitoa, mnalipokea. Fundi akalipokea. Aliinamisha kichwa, akageuka, akaenda kwenye pikipiki.

Kola alifungua mdomo amrudishe. Halafu akaona kila dakika anayoitumia pale inampunguzia nafasi ya kumwahi Baba. Akakimbia ndani.

* * *

Baba alikuwa kwenye chumba cha pasi, ananyoosha shati ambalo lilishanyooshwa. Alikuwa hivyo siku zote: akiwa na jambo moyoni, wateja walipata mashati yaliyopigwa pasi mara mbili. Mvuke ulimfunika uso.

"Baba."

"Yameisha, mwanangu. Usijisumbue."

"Baba. Ndi…" Kola alishika ukingo wa meza. Hakufumba macho. Hakukimbilia neno jingine. Alikaa nalo, alikaa nalo, kama alivyofundishwa, na lilipochoka kumzuia likaachia. "Ndiyo."

Pasi ikasimama.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, namtaka. Nam… nampenda, Baba. Nataka kuolewa naye."

Baba aliisimamisha pasi kwenye kisigino chake. Alimtazama binti yake kama mtu anayeangalia picha ya zamani aliyoidhania imepotea.

"Kumbe sauti yako ni ya mama yako," alisema. "Nilikuwa sijui."

Alitabasamu huku machozi yanamtoka, akapiga hatua kumkaribia.

"Nimekusikia, mwanangu," Baba aliendelea, na sauti yake ikawa nzito. "Leo nimekusikia kweli. Lakini hapana."

Kola hakuelewa. Maisha yake yote aliamini shida ni moja tu, kwamba hasikiki. Kwamba siku atakaposema, kwa mdomo wake, sentensi nzima, mlango utafunguka. Alikuwa amesema. Amesikiwa. Na jibu ni lilelile, ila sasa amejibiwa yeye mwenyewe, si Dada.

"Wewe ulipokwama sikuhesabu," Baba alisema. "Kukwama kwako nakujua tangu ukiwa mdogo. Nilikuwa namtazama yeye. Mtoto wangu anazama mbele yake, machozi yanamlengalenga, anamgeukia. Nilikuona unavyomgeukia, Kola, mimi si kipofu. Na mwanamume mzima amekaa, mikono magotini, anaangalia friji! Hakufungua mdomo. Hata kusema Mzee, tafadhali, mpe muda. Dada yako amekusemea vibaya mara nyingi, najua, hata lile tumbo najua. Lakini hajawahi kukaa kimya wewe ukiteseka. Nikifa, nikuache na mtu anayekutazama tu?"

Hapo Kola akaona yote, na akaona jinsi yalivyo mbali. Ilibidi aeleze. Aeleze ubao na viti, na kanuni, na kiapo, na kwa nini ule ukimya uliomchukiza Baba ndio mapenzi makubwa kuliko yote aliyowahi kupewa. Alikuwa amejizoeza sentensi moja. Hii ilitaka nyingi, na Baba alikuwa ameshaishika tena pasi.

"Baba, yule…"

Dada alitokea mlangoni, kikombe kinachodondosha maji mkononi. Alikuwa amelia. "Baba, anachotaka kusema ni kwamba—"

Kola akainua kiganja chake. Hakuwahi kumwinulia dada yake kiganja. Dada akafunga mdomo.

"Yule alikuwa ana…"

Nje pikipiki ilipigwa teke, ikakohoa, ikazima. Sauti ya Mjomba ikasema kitu. Ikapigwa teke tena.

Ananisubiri. Alikuwa ananisubiri mimi, ndivyo alivyotaka kusema. Neno lilikuwa lilelile lililomgomea getini, na lilikuwa limejifunga vilevile. Maneno mengine yalikuwa yamejipanga karibu, mepesi, tayari kutoka. Angeweza kusema alikuwa ana haya. Angeweza kusema alikuwa ana hofu. Baba angetikisa kichwa, pengine angemhurumia kijana, na yangekuwa uongo.

Kola aliyaacha.

Pikipiki ikawaka. Ikanguruma pale getini kwa muda, ikazunguka, ikaanza kuondoka. Angekimbia sasa angeiwahi kwenye kona. Alibaki ameshika meza, mdomo wazi, neno limesimama kooni, akiisikiliza inapita dukani, inapita kwa Kinyozi, inakuwa nyembamba, inachanganyika na kelele nyingine za mtaa mpaka asiweze tena kuitenga. Baba alikuwa na shati mkononi. Dada alikuwa na kikombe. Walikuwa wanamtazama yeye.

Hakuna aliyemmalizia.